Mfumo Dhalimu Humgeuza Mtu Kuwa Nini? Ushahidi wa Sanaa ya Afrika Kusini

Mwanafunzi yeyote aliyesoma fasihi na sanaa katika shule zetu anaijua kauli kwamba sanaa ni kioo cha jamii. Kauli hiyo imejaa katika madaftari na katika majibu ya mitihani, na mara nyingi anayeiandika hujiona amekwisha kumaliza kazi. Hatusemi kwamba ni kauli ya uongo. Lakini ina upungufu ambao makada na wanafunzi wa siasa hawana budi kuuona. Kioo humwonyesha mtu sura aliyo nayo sasa. Hakimwonyeshi sura aliyokuwa nayo kabla hajapigwa, hakimtaji aliyempiga, na mtu akiondoka mbele yake hakibakizi kitu. Ikiwa tunauliza jinsi binadamu anavyobadilika anapobanwa na nguvu iliyo nje yake, basi kioo hakitoshi kutujibu.

Katika makala hii tunakusudia kulichambua swali hilo kwa mfano mmoja, yaani Afrika Kusini wakati wa utawala wa Makaburu na baada yake. Ni nadra katika historia shinikizo juu ya binadamu kuandikwa waziwazi katika vitabu vya sheria, kifungu kwa kifungu, kama lilivyoandikwa huko. Na wasanii wa nchi hiyo wameacha ushahidi unaoonekana kwa macho: sanamu, michoro ya mkaa, filamu, hata mavazi. Isitoshe, sisi Watanzania si wageni katika habari hii. Mazimbu na Dakawa ziko Morogoro, na tutafika huko.

SHINIKIZO LILIVYOPANGWA

Chama cha National Party kilishika serikali mwaka 1948. Mwaka 1950 ilipitishwa sheria ya kuandikisha watu wote kwa rangi zao, na mwaka huo huo sheria ya kuwatengea makazi kwa rangi hizo. Mwaka 1952 sheria ya pasi ilikazwa na kuunganishwa nchi nzima, na mwaka 1953 ikaja sheria ya elimu ya Waafrika. Tusizisome sheria hizi kama orodha ya kukariri. Kila moja ilishika sehemu yake ya mtu. Ya kwanza ilimwambia yeye ni nani, ya pili alale wapi, ya tatu atembee saa ngapi na kwa idhini ya nani, na ya nne mtoto wake ajue nini na asijue nini. Wahenga wetu walisema samaki mkunje angali mbichi. Watawala wa Pretoria hawakuhitaji kufundishwa methali hiyo.

Mambo mengine yalifika mahali pa kuchekesha, kama yasingekuwa yanaumiza. Mtu ambaye rangi yake ilitiliwa shaka aliweza kuchomekwa penseli kwenye nywele: ikianguka, huyo ni Mzungu, ikinasa, siyo. Katika miaka ya 1980 mamia ya watu walikuwa wakihamishwa kila mwaka kutoka rangi moja hadi nyingine kwa uamuzi wa ofisi ya serikali. Mtu alilala akiwa Mweupe na kuamka Chotara kwa barua ya karani, na kesho yake mtaa, shule na hata ndoa yake vilikuwa na kesi ya kujibu. Sheria hiyo ya kuandikisha rangi ilidumu hadi 1991.

Ni kosa kudhani kwamba haya yote yalitokana na chuki tu. Tangu dhahabu ilipogunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, migodi ilihitaji vibarua wengi wa bei rahisi, wanaume waliotenganishwa na wake zao na kulazwa katika mabweni ya migodi. Chuki ilipewa kazi ya kulinda hesabu hiyo. Msanii asiyeujua msingi huu atachora watu wenye huzuni, basi, na mtazamaji atawahurumia na kwenda kunywa chai.

Lakini msingi wa uchumi peke yake hauelezi kila kitu. Mao Zedong aliandika mwaka 1937 kwamba joto likilipata yai hutoa kifaranga, bali likilipata jiwe halitoi kitu. Maana yake ni kwamba sababu ya nje hufanya kazi kwa kupitia yaliyomo ndani. Shinikizo lile lile la Makaburu lilimfanya mmoja kuwa mpiganaji, mwingine mpelelezi wa polisi dhidi ya jirani zake, wa tatu mtumishi anayeitikia "ndiyo bwana" huku moyoni akiwa mbali kabisa. Na shinikizo hilo halikumwacha salama hata yule aliyelitumia. Hapo ndipo sanaa ya nchi hiyo inapotufundisha jambo ambalo hotuba zetu za miaka ile za kuunga mkono ukombozi zilikuwa zikilipita haraka.

WATATU JUU YA BENCHI

Katika miaka ya 1985 na 1986 mwanafunzi mmoja wa sanaa mjini Johannesburg, Jane Alexander, aliyezaliwa huko huko mwaka 1959, alitengeneza sanamu tatu zinazokaa pamoja juu ya benchi. Aliziita Butcher Boys, yaani vijana wa buchani. Wakati ule una maana yake. Julai 1985 serikali ilitangaza hali ya hatari katika wilaya 36, na Juni 1986 ikaitangaza nchi nzima. Wanajeshi walikuwa mitaani mwa Waafrika, na maelfu ya watu walikuwa kizuizini bila kushtakiwa.

Sanamu hizo zimetengenezwa kwa plasta, mifupa na pembe, kisha zikapakwa rangi. Kimo chake ni kimo cha mtu. Miili ni ya wanaume vijana, wenye afya na misuli, wako uchi, na wamekaa kwa mapumziko kama wanaosubiri zamu yao ya kazi. Ukitazama kuanzia shingoni kwenda chini huoni ajabu kubwa. Ni vichwani ndipo mambo yanapogeuka. Wana pembe. Pua zimekuwa za mnyama. Macho ni meusi na yanang'aa. Pale penye masikio pana matundu tu. Mdomo haupo, ngozi imepaziba mahali pake. Na mgongoni mwili umepasuka hadi mifupa ya uti ikaonekana.

Mtazamaji mwenye haraka husema: hawa ni mashetani, na shetani hana habari nyingine. Lakini shetani huzaliwa shetani. Hawa wamekuwa hivi. Mkono ni wa mtu, goti ni la mtu, na hata kukaa kwao ni kwa mtu aliyezoea benchi hilo. Msanii amelichora badiliko likiwa njiani, na amelionyesha mahali lilipoanzia. Masikio ndiyo yaliyokwenda, kwa sababu mtu anayepiga kila siku hawezi kuendelea kusikia. Mdomo umekwenda, kwa sababu aliyoyaona kazini hawezi kuyasimulia nyumbani. Misuli imebaki, maana mfumo unaihitaji.

Sasa hao ni akina nani? Jina lenyewe lina mtego. Kuanzia 1967 kila kijana wa kiume wa Kizungu nchini humo alilazimishwa kuingia jeshini, na kuanzia 1977 kwa muda wa miaka miwili. Hao walikuwa vijana kweli, waliotolewa shuleni na kupelekwa mpakani mwa Angola au mitaani Soweto. Lakini neno hilo la pili katika jina la sanamu ndilo pia lililotumiwa na Mzungu kumwita Mwafrika mtu mzima mwenye watoto na wajukuu. Hapa kwetu lilibaki katika lugha kama "boi", na wazee waliofanya kazi kwa masetla wanakumbuka lilivyokuwa likitamkwa. Rangi ya ngozi ya sanamu ni ya kijivujivu isiyomsaidia mtazamaji kuamua. Alexander kwa kawaida hafafanui kazi zake. Kwa maoni yetu ameliacha swali hilo wazi kwa makusudi, na amefanya vizuri: mfumo uliogawa watu kwa rangi unahukumiwa hapa na sanamu zisizokubali kugawanywa.

Kada makini anaweza kupinga. Anaweza kusema kwamba kumwonyesha mkandamizaji kama mtu aliyeharibiwa ni kumtafutia huruma, na kwamba aliyekufa Sharpeville tarehe 21 Machi 1960, akiwa mmoja wa watu 69, hana muda wa kusikiliza maradhi ya polisi aliyempiga risasi. Pingamizi hilo ni zito. Jibu lake tunalipata kwa mtu ambaye hakuwahi kushukiwa kuwahurumia wakoloni. Daktari Frantz Fanon, mzaliwa wa Martinique, alitibu wagonjwa wa akili katika hospitali ya Blida nchini Algeria kuanzia 1953 hadi alipojiuzulu mwishoni mwa 1956. Katika kitabu chake cha 1961, ambacho Waswahili wanakijua kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa tangu kilipofasiriwa na Gabriel Ruhumbika na Clement Maganga mwaka 1978, anaeleza habari za wagonjwa wake. Miongoni mwao walikuwamo waliopigwa, na walikuwamo wapigaji. Mmoja wao, ofisa wa polisi wa Kifaransa aliyekuwa akitesa wafungwa, alianza kumpiga mkewe na watoto wake. Alikuja kuomba dawa. Hakutaka kuacha kazi yake. Alitaka asaidiwe aendelee kutesa pasipo kusumbuka.

Fanon hakuiandika habari hiyo ili tumlilie ofisa huyo. Aliiandika ili tuone kwamba mateso hayaishi getini mwa kituo cha polisi, na kwamba mfumo unaowahitaji watu wa namna hii ni lazima uwatengeneze. Mkandamizaji ni bidhaa. Anayo karakana yake, wasimamizi wake na malighafi yake. Kumwonyesha hivyo hakumpunguzii hatia. Kunaongeza idadi ya wanaopaswa kushtakiwa.

Sanamu hizo zilinunuliwa mwaka 1991 na Jumba la Sanaa la Taifa mjini Cape Town.

MJADALA WA GABORONE NA LUSAKA

Wakati Alexander akichonga Johannesburg, wasanii wengine wa nchi hiyo walikuwa uhamishoni wakilijadili suala hili kwa njia nyingine. Mjini Gaborone, Botswana, kikundi cha Medu kiliwakusanya waandishi, wanamuziki na wachoraji, na Julai 1982 ukafanyika huko mkutano mkubwa wa utamaduni na mapambano. Mmoja wa viongozi wake alikuwa Thami Mnyele, aliyezaliwa Alexandra mwaka 1948. Katika ujana wake Mnyele alichora miili iliyopindika, yenye maumivu ya ndani na giza. Baadaye aliikosoa michoro ya namna hiyo, pamoja na yake mwenyewe, kwamba inamwonyesha Mwafrika akiwa ameumia tu, bila kuonyesha anasimama vipi. Akageukia mabango: watu waliosimama wima, ngumi, kalamu, bendera.

Hatuwezi kuupuuza msimamo huo, hasa tukikumbuka gharama yake. Usiku wa tarehe 14 Juni 1985 majeshi ya Makaburu yalivuka mpaka, yakashambulia nyumba mbalimbali mjini Gaborone na kuua watu 12. Mnyele alikuwa mmoja wao.

Miaka minne baadaye, mwaka 1989, mwanasheria wa ANC Albie Sachs aliandaa maandishi kwa ajili ya semina ya chama hicho mjini Lusaka. Sachs hakuwa mtu wa maneno ya sebuleni. Aprili 1988 bomu lililotegwa ndani ya gari lake mjini Maputo lilimkata mkono wa kulia na kumpofusha jicho moja. Katika maandishi hayo alitoa pendekezo lililowashtua wengi: kwamba wanachama wapigwe marufuku, walau kwa muda wa miaka mitano, kusema kwamba utamaduni ni silaha ya mapambano. Hoja yake ilikuwa kwamba silaha haina mashaka wala pande mbili, ilhali binadamu anayo yote hayo. Na msanii akiamriwa kuchora risasi na ngumi tu, mwishowe hata adui haogopi, maana hakuna jambo jipya analoambiwa.

Nani alikuwa na haki? Tunaona kwamba kila mmoja alijibu shinikizo la saa yake. Bango la Mnyele lilimlenga mtu aliyeinamishwa, likamwambia anaweza kunyooka. Kwa mtu wa namna hiyo mwaka 1982, picha nyingine ya maumivu ilikuwa mzigo juu ya mzigo. Sachs aliandika miezi michache kabla ya milango ya gereza kufunguliwa, akiwaza juu ya watu watakaotoka. Lakini ikiwa ni lazima kuchagua, mwandishi wa makala hii anaelekea upande wa Sachs kwa sababu moja: bango linaweza kutuambia mtu anapaswa kuwa nani, lakini haliwezi kutuambia amekuwa nani.

Mambo haya yalikuwa pia Morogoro. Vijana waliokimbia baada ya mauaji ya Soweto ya tarehe 16 Juni 1976 walisoma Mazimbu, katika chuo kilichopewa jina la Solomon Mahlangu, aliyenyongwa Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Huko Dakawa, katika makazi mengine ya ANC, palikuwa na mradi wa sanaa na kazi za mikono ambapo wakimbizi walijifunza kufuma na kuchapa vitambaa. Uhamisho ulipokwisha, mradi huo ulihamia Grahamstown, mji ambao tangu 2018 unaitwa Makhanda, ukabaki na jina lake la Dakawa. Majengo ya Mazimbu yalikabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1992 na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Jina la Mahlangu lingali pale.

KARATASI INAYOKUMBUKA

Tulisema mwanzoni kwamba kioo hakibakizi kitu. Yupo msanii ambaye ameijenga kazi yake yote juu ya tatizo hilo. William Kentridge alizaliwa Johannesburg mwaka 1955. Baba yake, Sydney Kentridge, ndiye wakili aliyeiwakilisha familia ya Steve Biko katika uchunguzi wa kifo chake mwaka 1977, kwa hiyo mambo ya serikali yalizungumzwa nyumbani mwao kwa majina na tarehe.

Filamu za katuni kwa kawaida huhitaji maelfu ya karatasi, kila moja ikiwa na badiliko dogo. Kentridge hutumia karatasi moja kwa tukio zima. Huchora kwa mkaa, huiendea kamera akapiga picha, hurudi kwenye karatasi, akafuta mkono wa mtu na kuuchora ukiwa umesogea kidogo, akarudi tena kwenye kamera. Kazi ya wiki nyingi hutoa dakika chache. Lakini mkaa haufutiki kabisa. Kila kilichofutwa huacha kivuli cha kijivu, na filamu inapoonyeshwa, mtu anatembea huku nyuma yake pakionekana moshi wa mahali alipokuwa. Mtazamaji anaona badiliko na anaona kilichobadilishwa. Kwa maana hiyo mbinu yenyewe ni hoja.

Mfululizo wa filamu hizo ulianza 1989 na kufikia 11 mwaka 2020. Mhusika wake mkuu ni Soho Eckstein, tajiri wa migodi mwenye suti ya mistari. Katika filamu ya 1991 iitwayo Mine, Soho yumo kitandani akila kifungua kinywa. Mbele yake pana chombo cha kahawa chenye kichujio kinachosukumwa chini kwa mkono. Anakisukuma. Kichujio kinapita kitako cha chombo, kinapita sinia, kinapita kitanda, kinaingia ardhini, kinazidi kushuka kupita mabweni na mabafu ya wachimbaji hadi ndani kabisa mwa mgodi, ambako wanaume wamelala safu kwa safu kama watumwa walivyopangwa katika merikebu. Mkono mmoja wa mtu asiyetoka hata kitandani. Tumesoma vitabu vingi juu ya uhusiano wa mtaji na kazi, na ni vichache vinavyouonyesha kwa wepesi huo.

Filamu nyingine, History of the Main Complaint, ilitolewa 1996. Uchaguzi wa kwanza wa watu wote ulikuwa umefanyika tarehe 27 Aprili 1994, na Aprili 1996 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilianza kusikiliza mashahidi katika mji wa East London, ikiahidi msamaha kwa atakayekiri yote aliyoyatenda kwa sababu za kisiasa. Soho sasa amelala hospitali, hana fahamu, suti yake mwilini. Madaktari wanaomzunguka wanafanana naye. Picha za eksirei zinaonyesha ndani ya mwili wake, na pale panapotarajiwa viungo kuna taipureta, simu na vifaa vya ofisi. Kisha tunamwona usiku barabarani akiendesha gari. Kando ya njia watu wanapigwa. Kioo cha gari kinaonyesha macho yanayotazama yaliyopita nyuma. Ghafla mtu anatokea mbele, anagongwa. Soho anazinduka.

Wengi wangeimalizia filamu hapo: amekumbuka, amepona. Kentridge anaendelea kidogo. Mgonjwa aliyepona anarudi kwenye meza yake, katikati ya simu zake, na kazi inaendelea kama kawaida. Katika picha hiyo moja ya mwisho mna uchambuzi wa miaka mingi ya siasa ya Afrika Kusini. Kukiri kulifanyika na kulikuwa na maana, lakini meza haikuhamishwa.

Tuseme pia, maana lisiposemwa litaulizwa, kwamba Alexander na Kentridge wote wawili ni Weupe. Hilo haliwapunguzii thamani, ila linaeleza mahali walipokuwa wamesimama. Walichora ugonjwa wa nyumba waliyozaliwa. Wa nyumba ya pili, anayeingia kwa mlango wa nyuma saa kumi na mbili asubuhi akiwa amefunga aproni, alimngoja msanii wake.

SOPHIE

Mary Sibande alizaliwa Barberton mwaka 1982. Mama yake, bibi yake na mama wa bibi yake wote walikuwa watumishi wa nyumbani kwa Wazungu. Waajiri wa huyo mkubwa hawakuweza kulitamka jina lake la Kiafrika, au hawakujisumbua, wakamtwika jina jingine. Hebu tulitafakari jambo hilo kidogo, kwa kuwa ni aina ya shinikizo ambayo haimo katika sheria yoyote ya Bunge. Hakuna polisi aliyehitajika. Mtu aliingia kazini Jumatatu na jina lake, akatoka na jingine, na likadumu.

Mwaka 2009 Sibande alionyesha mjini Johannesburg kazi zake zenye jina lenye maana ya kumwombea maisha marefu malkia aliyekufa. Humo yumo Sophie, sanamu yenye kimo cha mtu, iliyotokana na mwili wa Sibande mwenyewe, nyeusi tititi, macho yamefumbwa. Amevaa sare ya mtumishi: kitambaa cha buluu, aproni nyeupe, kichwa kimefungwa. Lakini sare hiyo haikutulia. Sketi imefura na kujaa marinda kama gauni la malkia wa Kiingereza wa karne ya 19, na vitambaa vinaenea sakafuni mita kwa mita. Katika kazi moja anafuma sweta lenye nembo ya Superman. Katika nyingine, ya 2010, amepanda farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, kama zile sanamu za majenerali zilizojaa katika miji ya Ulaya. Mwaka huo wa Kombe la Dunia picha zake kubwa zilitundikwa juu ya majengo ya Johannesburg, na wapo watumishi waliopita chini yake wakienda kazini.

Macho yaliyofumbwa ndiyo ufunguo. Sophie anaota. Akiyafumbua, sare itarudi kuwa sare na sakafu itakuwa inamngoja. Kuna watakaosema kwamba huku ni kukimbia hali halisi, kwamba makabwela hawakombolewi kwa gauni. Tungekubali kama gauni lingekuwa la hariri. Lakini Sibande ameishona ndoto kwa kitambaa cha kazi, na tena gauni lililoigwa ni la bibi wa nyumba. Hata katika kuota, mtumishi anaota kwa kitambaa alichopewa na kwa mshono aliouona. Kasumba haikuwahi kuchorwa kwa upole na ukweli zaidi ya hapo.

Baadaye rangi ikabadilika. Tarehe 2 Septemba 1989 polisi wa Cape Town waliwamwagia waandamanaji maji yenye rangi ya zambarau ili wawatambue na kuwakamata baadaye. Mwandamanaji mmoja akapanda juu ya gari la polisi na kuligeuza bomba. Rangi ikarukia kila kitu na kila mtu, na katika mitaa iliyojaa zambarau haikuwa rahisi tena kusema huyu ni nani na yule ni nani. Kwa siku moja dola iliyoishi kwa kupanga rangi za watu iliwapaka wote rangi moja. Sibande alilichukua tukio hilo, na katika kazi yake ya 2013 Sophie wa buluu anasimama uso kwa uso na umbo jipya la zambarau lenye mizizi na nyuzi zinazotoka mwilini pande zote. Huyo wa pili ni mwanamke ambaye hakuwa mtumishi. Anaonekana kuwa na nguvu zaidi, na anaonekana pia kutojua mwisho wa mwili wake uko wapi.

Katika kazi za kuanzia 2017 rangi ni nyekundu. Nchi ilikuwa imekwisha kupita miaka zaidi ya 20 ya uhuru. Marikana, ambako tarehe 16 Agosti 2012 polisi wa serikali iliyochaguliwa na wananchi waliwapiga risasi na kuwaua wachimbaji 34 waliogoma, haikuwa mbali. Wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa wamejaza barabara mwaka 2015 na 2016 wakipinga ada. Sibande anarejea usemi wa Kizulu unaomwelezea mtu aliyeshikwa na hasira kwamba amegeuka mbwa mwekundu. Mwanamke wake sasa amevaa nyekundu kutoka kichwani hadi miguuni, na kando yake wamo mbwa, wekundu pia, wameinua vichwa. Hajapata pembe. Masikio yake yapo, na mdomo upo. Macho, ambayo kwa Sophie yalifumbwa, yamo katika mbwa wale, nayo yako wazi.